Mwenye Tai na Asiye na Tai

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu: kama nina tai. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada yangu, nimejiandaa kuulizwa kuhusu kandanda, riadha na voliboli, na hakuna aliyetaka kujua. Mkuu wa Michezo, mtu mrefu aliyeinama kila mlangoni hata pale ambapo hakukuwa na haja, alinieleza utaratibu wa kituo chetu cha televisheni. Habari za Kiswahili zilisomwa saa moja jioni, za Kiingereza saa tatu. Mtangazaji wa michezo alikuwa mmoja. Saa moja alikaa bila tai, kifungo cha juu kimefunguliwa. Saa tatu alifunga tai.

Niliuliza kwa nini. Alisema ndivyo ilivyo. Niliuliza imekuwa hivyo tangu lini. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Bwana Kwa Nini, na baada ya mafunzo ya miezi michache nikatumwa kuwa mwandishi wa Meru na Embu. Sijui kama nilipelekwa kwa sababu ni kwetu au kwa sababu ni mbali.

Nilipanga chumba Nchiru, nje ya mji wa Meru, wakati chuo cha pale kilikuwa bado kidogo na vibanda vya chai vikihesabika. Mwenzangu alikuwa mpigapicha, Njiru, Mwembu wa Kianjokoma, mtu wa maneno machache aliyebeba kamera begani kama mkulima anavyobeba gunia la kahawa. Kazi yetu ilikuwa kurekodi mechi na mbio, kuandika maelezo kwa lugha mbili, na kuhakikisha kanda imefika Nairobi.

Kufikisha kanda ndiko kulikokuwa na kazi. Siku hizi picha hufika Nairobi kabla mpigapicha hajashusha kamera. Sisi tulikuwa na kanda nzito yenye ukubwa wa kitabu, na ilibidi isafiri kwa barabara. Basi lilichelewa, gari la kituo lilikuwa gereji. Tuliyategemea magari ya miraa, mmea wa kutafunwa usiotakiwa kunyauka, kutoka Maua. Mengi yaliondoka kabla ya alfajiri, lakini yalikuwepo ya alasiri yaliyokimbilia ndege, na barabara nzima hakuna chombo kilichoyapita. Njiru alisimama kando ya lami na kuinua kanda juu. Dereva alipunguza mwendo tu, akaidaka dirishani, na mjumbe wetu aliipokea Nairobi miraa ikishushwa.

Gari lilipita Embu wakati wa mapumziko ya mechi. Kwa hiyo kanda iliondoka na kipindi cha kwanza pekee, matokeo yakafuata kwa simu. Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu ambao vijana wa leo hawauamini nikiwasimulia. Habari ya michezo ilifungwa na kile tulichokiita kusimama, yaani mwandishi anaitazama kamera akiwa uwanjani na kumweleza mtazamaji nani ameshinda. Kwa kuwa mechi haijaisha, nilisimama mara kadhaa. Nilitangaza ushindi wa Embu kwa Kiswahili, kisha ushindi wa Meru. Njiru aliniambia, "Vaa kitambaa chako," nikafunga tai na kurudia yote kwa Kiingereza. Nairobi walipopata simu yangu, walichagua.

Nilimpigia Mkuu simu kumuuliza kwa nini tusisubiri.

"Mtazamaji anataka kumwona mtu aliyekuwa uwanjani," alisema. "Wewe hukuwa uwanjani?"

"Nilikuwepo."

"Basi."

Kwa misimu miwili utaratibu huo haukutuangusha. Kisha ikaja mechi ya kupanda daraja, Embu wakiwa nyumbani dhidi ya Meru. Mshindi angeingia ligi ya taifa, na sare ingeamuliwa kwa penalti. Kocha wa Meru alikuwa Kirimi, fundi wa kuchomelea vyuma pale Makutano, ambaye aliwafundisha vijana jioni akiwa bado na masizi mikononi. Timu iligharimiwa na kamati ya wafanyabiashara wa miraa. Basi lilikuwa lao, jezi zao, na kocha, kwa maoni yao, wao pia.

Wakati wa mapumziko Meru waliongoza kwa bao moja. Nilisimama mara nne, Njiru akaandika kwenye jalada la kanda matokeo ya hapo na kuirusha garini. Kipindi cha pili mvua ilinyesha na Embu wakafunga mawili. Kocha Kirimi alibaki amesimama kwenye tope hata wachezaji wake walipokuwa wameshaingia ndani.

Nilikwenda posta kupiga simu. Laini zilikuwa zimekufa. Nilijaribu hoteli mbili, nikarudi posta, na nilipompata Mhariri wa Zamu habari za Kiswahili zilikuwa zimeshasomwa.

"Embu mawili, Meru moja," nikamwambia.

Nilimsikia akipekua karatasi. "Sisi tumesema Meru. Jalada lilisema Meru."

Nilimuuliza kwa nini hakusema kwamba matokeo hayajafika. Alinijibu kwamba kituo hakisomi maneno "hatujui", hiyo ni amri ya Mkuu. Habari za saa tatu alizirekebisha. Nilionekana na tai yangu, nikisema kwa Kiingereza safi kwamba Embu wamepanda daraja.

Kwa sababu ya mvua timu ililala Embu, nami nikapata kiti katika basi lao siku iliyofuata. Tuliingia Meru watu wakitoka makanisani. Barabara ilikuwa imejaa. Akina mama walikuwa na matawi, vijana walipiga madebe, na mzee mmoja alikuwa ameleta mbuzi. Wachezaji walitazamana. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba wameshinda.

Kocha Kirimi alishuka na kuwaambia ukweli. Walicheka. Alirudia, nao wakaacha kucheka.

"Kocha, usitufanye watoto," akasema Mwenyekiti wa kamati, mzee mfupi mwenye koti la ngozi. "Hii maneno tumeona na macho yetu. Huyu kijana wako hapa ndiye alisema."

Nilishuka nikasema kwamba hata mimi nasema Embu walishinda.

"Leo ndiyo unasema. Jana ulisema nini?"

Mwalimu mmoja wa shule ya upili, ambaye hungoja habari za Kiingereza, alijitokeza kunitetea. Alisema saa tatu nilitangaza Embu, yeye mwenyewe alinisikia. Badala ya kusaidia, hilo lilizidisha ubishi. Kumbe usiku kucha mji ulikuwa umegawanyika, na si kwa mapenzi ya timu bali kwa lugha. Makarani wa benki na walimu walijua Embu ndio washindi. Wengine wote walijua ni Meru. Kila upande ulikuwa umemwona mtu yuleyule akisema kwa mdomo wake.

"Basi mko wawili," kijana mmoja akaniambia. "Kuna mwenye tai na asiye na tai. Sisi tunaamini huyu hana tai. Huyo mwingine anaongea na mabwana zake."

Watu waliangua kicheko, na yule mzee akaanza kumvuta mbuzi wake kumrudisha nyumbani. Mwenyekiti pekee hakucheka. Aliunganisha mambo kwa akili zake: Meru walishinda, televisheni ikasema, kisha kati ya saa moja na saa tatu mtu akauza ushindi huo. Aliyekuwa Embu saa hizo na mwenye mamlaka juu ya timu ni kocha. Kamati ingekutana baada ya wiki moja kumfukuza.

Kirimi alinifuata Nchiru kesho yake. Hakuwa na hasira, na nilitamani awe nayo. Alisema kazi ya kuchomelea itamlisha, lakini mtu anayeitwa muuza mechi hapewi hata mlango wa kuchomelea.

"Nimewaambia wamuulize kila mchezaji," alisema. "Wanasema wachezaji wangu watasema vile nimewafunza. Wanataka waambiwe na ile televisheni iliwaambia. Kwa Kiswahili, Gitonga."

Nilimpigia Mkuu wa Michezo. Alisema kosa limesharekebishwa. Nilisema limerekebishwa kwa Kiingereza. Alisema waliosikia Kiswahili wataambiwa na majirani. Kisha, kana kwamba ni jambo moja, akaniarifu kwamba mtangazaji wa michezo ameacha kazi na kwamba nije Nairobi Alhamisi kukaa kwenye kiti chake. Nikifanya vizuri, kiti ni changu.

Nilikuwa nikikitaka kiti hicho tangu siku niliyoulizwa kuhusu tai. Sitajifanya kwamba sikukitaka.

Alhamisi saa moja nilikaa chini ya taa, shati wazi. Nilisoma habari zote nilizoandikiwa kwenye mashine ya kusomea, ile inayopitisha maneno mbele ya kamera ili mtangazaji aonekane anasema kutoka moyoni. Maneno yalipoisha nilikuwa na nafasi ya pumzi chache kabla ya hali ya hewa. Nikasema: "Jumamosi kituo hiki kilitangaza kwa Kiswahili kwamba Meru waliifunga Embu. Si kweli. Embu walishinda mabao mawili kwa moja. Tulirekodi ushindi kabla mechi haijaisha."

Msimamizi wa studio aliitazama saa yake, ingawa muda ulikuwa bado upo.

Mkuu hakupiga kelele. Alinipeleka kwa Mkurugenzi wa Habari, bwana mpole aliyemenya chungwa muda wote wa mazungumzo. Alisema hawezi kumfukuza mtu kwa kusema kweli, ingeonekana vibaya. Hawezi pia kumwachia saa moja, kwa kuwa watazamaji wa saa moja ni wengi na hawapendi kuvurugwa. Kwa hiyo nilipewa saa tatu, Kiingereza peke yake, mshahara uleule. Wenzangu walinipongeza. Nilikaa huko hadi nikastaafu.

Kamati ya Meru ilikutana na kumbakiza Kirimi. Utaratibu wa kusimama mara nne haukufutwa na mtu yeyote. Uliisha polepole, mitambo ilipobadilika.

Tangu nistaafu naalikwa kuzungumza na wanafunzi wa uandishi. Huuliza nani alikuwa maarufu, na mishahara ilikuwaje. Mimi huwaambia waulize nani hasikii wanachosema, na kwa nini. Wao huandika kidogo, kisha hurudi kwenye mishahara.

Mwaka huu nilipita Makutano na kumkuta Kirimi, mzee sasa, ameketi nje ya karakana ya mwanawe. Alinikaribisha kiti.

"Ile siku ya Alhamisi tulikuwa tumejaa kwa bucha ya Mwenyekiti kuangalia televisheni," alisema. "Ulisema vizuri. Kesho yake nikakaa tena nikungoje, wapi. Wiki nzima. Nikajua wamekufuta kazi juu yangu."

Nilimwambia sikufutwa. Nilikuwa kwenye televisheni kila usiku, miaka yote hiyo, saa tatu.

"Saa tatu tulikuwa tunazima," akasema.