Nilivyoondoa ukungu kwenye chang'aa ya mama mkwe kabla wageni wa mahari hawajafika

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Jana nilisoma uzi wa ndugu mmoja analia kwamba kinywaji chake kinatoka safi kama machozi, lakini akikiongeza maji kinageuka kama maji ya kuosha mchele. Majibu yenu yamenichekesha. Kuna mmoja amesema ni uchawi!

Acha niwape experience yangu. Sitaongeza chumvi, mambo yenyewe yanatosha.

Mwisho wa miaka ya themanini niliolewa Usenge, kando ya ziwa. Mimi ni wa Gem, kwa hivyo huko hakuna aliyeniita jina langu. Nilikuwa Nyar Gem, binti wa Gem, basi.

Mama mkwe alikuwa mjane, na chang'aa yake, pombe kali ya kupika nyumbani, ilijulikana beach nzima. Sukari nguru, drum, na paipu ya shaba inayopita kwa maji baridi. Watoto watano walisoma kwa hiyo drum.

Ndiyo, ilikuwa haramu. Askari wa chief walimwaga mara nyingi. Sikuja hapa kutetea hiyo.

Sasa mwaka huo Mama akaokoka. Hakuonja tena hata tone. Lakini kupika hakuacha, karo ilikuwa bado. Cheka ukitaka, Mungu wake alimwelewa.

Haikupita muda, shida ikaanza. Akiweka maji ya kupunguza ukali, ukungu mweupe unaingia, na unga mweupe unatua chini ya glasi. Wakati huo watu wameshasikia habari za pombe inayopofusha macho. Wakaanza kunong'ona kwamba mama wa kanisa ameweka dawa.

Jumatano moja akaja Mzee Ogola, ndugu ya marehemu baba mkwe. Wageni kutoka Port Victoria walikuwa wanakuja Jumamosi kuleta mahari ya wifi yangu, Adhiambo. Akashika glasi, akaangalia, akaiweka chini.

"Hii maziwa yako hatuwezi kupea wageni. Nitatafuta kwa jirani."

Kumwambia Mama hivyo! Siku ya binti yake mwenyewe!

Mzee alipoondoka, Mama alijifunika uso na leso.

"Nyar Gem, sasa mimi ndiye naua watu?"

Hapo ndipo nilipoamua.

Kwanza nilichuja na kitambaa na makaa, vile kila mtu husema. Ukungu ulipita kama haujaona kitu.

Kesho yake nilikuwa nafua. Nikaona sabuni haitoi povu. Maji yalikuwa ya pampu mpya karibu na shule, na sufuria yetu ya chai ilikuwa imeanza kushika ukoko mweupe ndani. Na Mama alikuwa anapunguza chang'aa na maji hayo hayo!

Nikachota maji ya mvua kwa tangi, nikajaribu kwa glasi ya chang'aa. Ule unga mweupe uliokuwa unatua chini haukuonekana tena. Lakini ukungu mwingine ulibaki, wa bluu bluu kama moshi.

Kumbe makosa yalikuwa mawili.

Mama alipowasha moto, nikaenda kukaa karibu na drum, nikikinga matone kwa kiganja. Ya katikati yalikauka haraka. Ya mwisho yaliteleza kama mafuta, na harufu ya nguo iliyolala na maji.

Zamani Mama alijua pa kuacha kwa ulimi. Tangu aokoke alikuwa anakisia tu, na alikuwa anakinga mpaka hiyo ya mafuta. Kwenye pombe kali hayo mafuta hayaonekani. Weka maji, yanatokea.

Sasa utamwambiaje mama mkwe kwamba amekosea kazi aliyofanya kabla hujazaliwa?

Nilipiga magoti. "Mama, ulimi wako ulikuwa unajua pa kusimama. Sasa tumia vidole."

Mama akanyoosha mkono chini ya paipu, akasugua vidole, akanusa.

"Uuwi. Nyar Gem. Ni kweli."

Ijumaa tulirudisha lita kumi zilizoharibika kwa drum, tukapika upya. Tulikinga kwa chupa za soda; ya kwanza tuliimwaga, ile inayochoma pua. Zilizofuata nilizipanga moja moja, kila moja nikijaribu kijiko kimoja na maji ya mvua. Ya kumi na tatu ikafanya moshi. Tukaacha hapo.

Maji niliongeza pole pole, kidogo, napumzisha, kidogo tena.

Jumamosi Mzee Ogola aliinua glasi mlangoni kwenye jua. Unaona mpaka mistari ya vidole vyake upande ule mwingine.

"Umetoa wapi hii?"

"Ni ile ile uliita maziwa," Mama akasema kwa Kiswahili, si Kijaluo, ndio wageni wasikie. "Nyar Gem ameitengeneza."

Mzee mmoja wa Port Victoria akaonja, akafunga macho. "Kama tungejua, tungeoa huyu."

Nyumba nzima ikacheka. Mama akasimama, akanishika mkono mbele ya wote.

"Huyu hatoki hapa!"

Wakuu, nimepata vyeti baadaye. Hakuna kilichonijaza kifua namna hiyo.

Nilichojifunza: ukiona ukungu usiufiche. Angalia maji yako, na angalia uliacha kukinga wapi. Na msidanganyike, safi kwa macho si salama kwa mwili. Ile sumu inayopofusha haina rangi.

Ninyi mlio wa Seme, Asembo na Uyoma, mama zenu walijuaje pa kuacha kukinga? Na wewe wa uchawi, njoo pia ujitetee.