Kinanda cha Kanisa na Filamu ya Fundi Cherehani

Wiki iliyopita nilirudi kijijini kwetu Mogitu na kompyuta yangu, nikakaa kibarazani kwa marehemu bibi kumalizia kazi. Kazi yangu, kama hujui, ni kutunga muziki wa filamu za kareti, zile za kuchekesha. Safari hii mpishi anapigana na wezi watatu kwa mwiko, anateleza kwenye uji, anaanguka chali. Hapo anapoanguka ndipo nilipokuwa nimekwama kwa siku tatu. Vidole vikaanza vyenyewe wimbo mmoja wa zamani, nikaondoa mkono haraka. Wimbo huo siupigi, na ngoja nikueleze kwa nini.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, nikiishi na bibi hapo hapo. Bibi ndiye aliyefagia kanisa letu, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la kitenge chake. Usidhani ni kitu kidogo. Kwa mjane asiye na hata ng'ombe mmoja, ule ufunguo ndio uliofanya watu wamwite kwa heshima. Mimi nilifaidika nao: yeye akifagia, mimi napiga kinanda, kile kidogo cha betri, nyimbo za kwaya tu. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshatangaza mbele ya watu wote kwamba kinanda kile hakipigi nyimbo za dunia wala hakitoki mlangoni. Siku kikitoka, ufunguo unarudi kwake.

Sasa jirani yetu, fundi cherehani, alipenda kareti kuliko suruali za wateja wake. Alijirekodi kwa simu filamu nzima, akipigana na wanafunzi wake wawili katikati ya shamba la alizeti, na aliyepigwa zaidi ni yeye. Tatizo lilikuwa upepo wetu. Sauti yote ilikuwa vuu, vuu, basi. Na kijiji kilikuwa kimeshaalikwa kwenye darasa la shule Jumamosi mchana, waitazame kwenye runinga yake. Akaja kwa bibi, akatoa shikamoo mbili badala ya moja, akaomba nimpigie muziki.

Bibi alimaliza kwanza kuchambua maharage yake. Kisha akasema, "Jumamosi mwalimu anakwenda mnadani Katesh. Harudi kabla ya jioni."

Wiki ile, kila nikitoka shule, niliweka simu ya fundi juu ya kinanda nikatunga. Kanisa lilinukia vumbi lililonyunyiziwa maji, na ufagio wa bibi ulisimama kila fundi alipopigwa teke. Hapo niligundua jambo ambalo linanilisha mpaka leo. Ukipiga sauti pamoja na teke, hakuna anayecheka. Acha teke lifike, mtu ashangae kwanza, ndipo ubonyeze sauti moja ndogo ya chini. Na fundi alipoanguka akalala kama maiti, nilipanga nisipige kitu chochote.

Jumamosi tulikibeba kinanda tumekifunika kanga, bibi mbele, mimi nyuma, tukikatiza kwenye mbaazi ili tusionekane. Darasa lilijaa mpaka madirishani. Nikapiga, na watu wakacheka palepale nilipotaka wacheke, nikaanza kusahau woga.

Mlango ukafunguka. Mwalimu wa kwaya, amerudi mnadani mapema, miguu imejaa vumbi la njiani, alikitazama kinanda, halafu akanitazama mimi. Alikuja akakaa dawati la mbele, karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi zake. Kando ya ukuta bibi alishika pindo la kitenge. Sikujua niache au niendelee. Kwenye runinga fundi akapigwa, akaanguka, akalala. Nilipaswa kunyamaza, lakini kwa hofu vidole vilikimbilia vilichokizoea: wimbo wa mazishi, ule tunaoupiga jeneza likitoka kanisani.

Wazee wote wakasimama, wanaume wakavua kofia. Bibi alisimama wa kwanza, maana ndio tuliompigia babu mwaka uliotangulia. Na kwenye runinga fundi akafumbua jicho moja, akachungulia kama maadui wameondoka.

Sijasikia tena kicheko kama kile. Bibi, ambaye tangu tumzike babu hatukuwahi kuyaona meno yake, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Hata mwalimu aliinamisha uso kwenye kofia yake, mabega yakimtikisika. Nilidhani tumepona.

Filamu ilipoisha alimwendea bibi. "Shikamoo mama," akasema, kisha akanyoosha mkono. "Naomba ufunguo. Nilishasema mbele ya watu."

Bibi alifungua fundo, akamwekea ufunguo kiganjani. "Marahaba, mwanangu."

Jumamosi iliyofuata, saa ya kufagia kanisa, nilimwona bibi kupitia dirishani akitoka na ufagio. Alifika njiani, akasimama, akarudi kufagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia. Nililia, ila sikutoka nje.

Kanisa lile la udongo halipo tena, limejengwa la matofali. Fundi alihama. Bibi ufunguo hakurudishiwa mpaka anakufa, na hakuwahi kunilaumu. Aliniambia tu, tukila makande jioni, "Hebu nionyeshe lile jicho la fundi," nami nafumba macho, nafumbua moja, anacheka mpaka anaweka sahani chini. Leo nalipwa kuchekesha watu nisiowajua. Yeye nilimchekesha miaka yote ile nikidhani inatosha, na msamaha wa ule ufunguo sikumwomba hata siku moja.