Fomu Isiyokuwa na Nafasi ya Ukunga

Mwanangu, nesi mwenzangu sasa, nikikuona umeinamia mitaala ya vyuo vya ng'ambo, ukilinganisha somo kwa somo, nakumbuka siku moja nilivyojipalia makaa mwenyewe. Nilikuwa nesi kijana hapa Nyeri, na chuo kikuu kimoja cha Uingereza kilikuwa kimeniletea fomu. Upande mmoja yamepangwa masomo yao, upande wa pili niandike yangu. Yakilingana, ningeingia mwaka wa tatu. Yasipolingana, nianze mwanzo kama mtu asiyewahi kushika sindano.

Kwao, nesi na mkunga ni kazi mbili, kila moja na masomo yake. Sisi tulifunzwa yote pamoja: wodi, uzazi, na kuzuru watu manyumbani. Basi fomu haikuwa na nafasi ya ukunga, wala ya ile miezi niliyokanyaga tope la Mwea tukitafuta wagonjwa wa kichocho kwenye mashamba ya mpunga. Mimi nikafanya nini? Nikayakata yote hayo kwenye orodha yangu. Ati nisionekane mshamba! Jibu likaja kwamba masomo yangu ni machache, nianze mwaka wa kwanza. Na mimi, msomi mjinga, nikashukuru.

Barua ya kukubali ilitaka sahihi ya mwalimu wangu, kwa hivyo nikaipeleka kwa Sista Wanjugu, aliyenifunza ukunga. Aliisoma mara mbili. Hakupaza sauti, angepaza, ningeumia kidogo tu.

"Yule mama wa Majengo uliyemzalisha peke yako, daktari hayuko, mvua inanyesha," akasema, "ukikutana naye sokoni utamwambia hakuzaa?"

Nikanyoosha mkono niichukue barua, akaishikilia.

"Hawa watu hawakujui, Waithira. Aliyekufuta ni wewe." Akanirudishia barua bila sahihi.

Niliona haya, kisha nikashikwa na hasira, na hasira ile ilinifaa sana. Nikaandika orodha yangu upya. Nikaambatisha kitabu changu cha wodini, kila mtoto niliyempokea na sahihi ya mkunga aliyenisimamia. Chini nikaongeza: masomo haya kwenu hayapo, msinihesabie kuwa upungufu. Wakanipa mwaka wa tatu, na somo moja la nyongeza, afya ya akili, ambalo kusema kweli nilikuwa nimelipitia juujuu. Hilo nililisoma kwa heshima, maana akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Kwa hivyo linganisha, mwanangu, sikukatazi. Pale wanapokuzidi, kubali ujifunze, huo si utumwa. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Fomu yao ikikosa nafasi ya kazi yako, gundisha karatasi yako mwenyewe. Wakisema haitoshi, waulize wao wamezalisha wangapi gizani bila stima, halafu ungoje jibu. Na usikate hata mstari mmoja wa ulichokifanya kwa mikono yako hii.

Mungu aibariki mikono yako, na kila mtoto itakayempokea alie kwa nguvu, asikike hadi huko ng'ambo.