Wimbi la Léonce

Kaka yangu Léonce Belliveau aliendesha basi la shule hapa Moncton mpaka akastaafu, na sijawahi kumsikia akisema uongo ila huo mmoja, kama kweli ulikuwa uongo. Alisema kwamba alipokuwa na miaka mitano baba alimpeleka ukingoni mwa mto, akamshika mkono, na wimbi likaja likipanda mto kutoka baharini, limesimama wima, refu kumpita baba. Mimi nilikuwa bado tumboni. Baba aliangukiwa na mti msituni, akafa kabla sijazaliwa. Kwa hiyo wimbi hilo ndilo kumbukumbu pekee ya baba aliyobaki nayo Léonce, na mimi sikubaki na yoyote.

Halafu wakubwa wakajenga barabara juu ya tuta lililokatiza mto, wakaukaba koo. Matope yakajaa mpaka majani yakaota palipokuwa na maji. Wimbi likawa kakunjo tu. Bata walilipanda bila hata kuacha kujikuna. Wageni walikuja na kamera zao, wakauliza, “Ndilo hilo?”, wakaenda zao kununua aiskrimu. Fikiria basi, katika mji huo, uwe mtu anayeapa kwamba aliona wimbi refu kuliko mwanamume mzima! Léonce alichekwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza.

Aliyemcheka zaidi ni wifi yangu Wilma, mtu wa Kiingereza kutoka ng’ambo ya mto. Wameoana miaka zaidi ya arobaini, Léonce akisema Kifaransa, Wilma akijibu Kiingereza, na hakuna aliyewahi kumpisha mwenzake. Hugombana hivyo, hubembelezana hivyo. Anayewasikia mara ya kwanza hudhani kila mmoja anaongea na simu yake.

Ndipo milango ya maji ya tuta ikafunguliwa, na mwishowe tuta lenyewe likabomolewa, pakawekwa daraja. Mto ukapumua. Wimbi likaanza kukua, watu wakaja na mbao zao za kutelezea majini kuliparamia. Mji mzima ulikwenda kutazama. Léonce hakwenda.

“Wimbi lako limerudi, mzee,” Wilma alimwambia. “Hutaki hata kwenda kulisalimia?”

“Nina kazi.”

“Kazi gani? Kufungua friji na kuifunga?”

Mimi aliniambia ukweli, tukiwa tunamenya viazi jikoni kwangu. “Exelda, mdogo wangu, nikilikuta dogo, na baba naye nitamkuta mdogo. Acha nibaki naye hivi hivi.” Nilimwonea huruma, nikaendelea kumenya. Lakini nilimwambia Wilma, maana siri na mimi hatulali nyumba moja.

Wilma hakucheka. Alingoja mwezi mpevu wa Agosti, siku za maji makubwa, akachukua funguo za gari, akatuamuru wote wawili tuingie. Alikuwa ametazama jedwali la saa za maji kujaa, na kama mama yake alivyomfundisha, akaongeza saa moja, maana kiangazi saa zetu husogezwa mbele. Wazee wetu wote waliongeza. Ila siku hizi jedwali huja limekwisha kuongezwa, na tulipofika bustani ya mtoni watu walikuwa wanaondoka, suruali zimelowa.

“Limeshapita zamani,” alisema binti wa aiskrimu.

“Basi turudi!” Léonce alifurahi kama mtoto aliyesikia shule imefungwa kwa theluji.

“Funga mkanda,” Wilma akasema. “Wimbi linakwenda kama mtu wa baiskeli. Mimi nina gari.”

Akalifukuza. Zamani lingejigonga kwenye tuta likafa. Sasa linapita chini ya daraja na kuendelea mashambani, ambako kizazi kizima hakikuliona. Tulilipita bila kuliona, nyuma ya miti, tukaingia shamba la mzee mmoja, Colpitts, aliyekuwa juu ya trekta.

“Mmepotea?” akauliza.

“Tunangoja wimbi.”

“Na nyie! Haya, piteni kwa ng’ombe. Na lango mlifunge, jamani.”

Tulishuka hadi kwenye mwamba uliolala karibu na maji. Mto ulikuwa wa rangi ya chokoleti, unateremka taratibu. Kisha ndege wakanyamaza. Kwa mbali tukasikia mvumo. Mimi mzaliwa wa hapa, nimepita daraja hilo nikienda kununua sabuni, na bado nilirudi nyuma hatua moja. Kwenye kona likatokea: mstari mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, na nyuma yake bahari yenyewe inapanda kuja mashambani kwa Colpitts. Mwenyezi Mungu! Mto mzima uligeuzwa njia mbele ya macho yetu.

Léonce alilipima kwa macho. Uso ukamshuka.

“Kiunoni,” alisema. “Linanifika kiunoni tu.”

Wilma akamwekea mkono begani. “Piga magoti,” akamwambia, na akasema kwa Kifaransa. Sikuwahi kumsikia akikisema kabla ya hapo, wala Léonce. Nadhani ndiyo maana alitii bila swali. “Ulikuwa na miaka mitano, mpenzi. Piga magoti. Exelda, wewe simama kando yake. Mshike mkono.”

Kaka yangu akapiga magoti juu ya ule mwamba wenye matope, magoti yake mabovu yale, akaniinulia mkono. Nikaushika. Wimbi likaja. Lilijaa mbele ya uso wake, la kahawia, linanguruma, likameza ng’ambo, likameza miti, likameza mbingu, na maji yakaturukia mpaka kifuani. Nilihisi vidole vyake vinanibana, vidogo vidogo, sijui vilikuwaje vidogo.

“Limekupita!” alipiga kelele, ananitazama kutoka chini, machozi na matope usoni. “Limekupita, baba!”

Sikumsahihisha. Nilisimama wima kadiri nilivyoweza, nikamshika mkono mpaka maji yakatulia.