Baba Mkwe Mstari wa Kati

Watu wa Mbagala wakisikia mgambo wanafikiria kukimbizana na mama lishe na kubeba mabeseni ya watu. Waache wafikirie. Mgambo ni jeshi la akiba, na jeshi lina ngazi zake, na ngazi hizo hupandi kwa kuwa hodari tu. Jovina alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale, maana alikaa askari wa kawaida, bega tupu, mpaka wasichana aliowafundisha kufunga mkanda wakampita.

Si kwamba hakuweza. Askari wa kudumu anahamishwa, leo yuko huku, kesho kule, na nafasi zinafunguka. Mgambo wa kata anahamia wapi? Tepe za ukoplo, zile za begani, zina mwenyewe, na mpaka mwenyewe aondoke, hata uwe na sauti ya kupasua ukuta, utangoja. Mara ya kwanza nafasi ilipotokea, Jovina alikuwa na mimba ya mwanawe Adelard na magwaride yalimpita. Mara ya pili alihudhuria yote, kamanda wake akalipeleka jina lake wilayani, kisha nafasi akapewa mtu mwingine, na sababu hakuambiwa. Sasa Koplo Mwajabu alikuwa amemfuata mumewe Mtwara, nafasi iko wazi. Yamependekezwa majina mawili: la Jovina, na la Salumu, fundi wa kuchomelea huko Chang'ombe. Jumamosi kila mmoja aongoze kikosi kwenye kwata mbele ya mkufunzi kutoka jeshini, na mmoja apande. Atakayekosa atangoja tena mpaka mtu ahame au azikwe.

Salumu hakumtia hofu. Hofu ya Jovina ilikuwa imekaa sebuleni kwake inakunywa chai.

Mzee Kornelio, baba yake mumewe, naye alikuwa mgambo. Aliingia zamani alipotoka Bukoba, na mpaka leo bega lake lilikuwa tupu vilevile. Jumamosi angesimama kwenye kikosi kama kawaida, na Jovina angetakiwa kumwamrisha. Mwanamke aliyelelewa akaleleka hamwamrishi baba mkwe. Hata jina lake halitamki. Mzigo ukiletwa nyumbani umeandikwa Kornelio, Jovina alikuwa anasema tu, "Huu wa baba."

Ijumaa jioni alimfuata mumewe, Theonest, uani.

"Baba Adelard, mwambie baba kesho apumzike. Si alisema goti linamuuma?"

Theonest akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Nimwambie baba asiende gwaride? Mie bado napenda kuishi. Kamwambie wewe."

"Unajua siwezi."

"Basi kama huwezi kumwambia akae, kesho utamwambiaje ageuke?"

Mzee mwenyewe alikuwa amesikia, maana dirisha lilikuwa wazi. Chakula kilipoletwa aliosha mikono polepole, akaongea akiitazama sahani, kama anayeongea na samaki.

"Mie nimebeba bunduki ya mbao kabla mtu hajazaliwa. Sijawahi kuona koplo anapika kwangu. Na sitaona."



Asubuhi, uwanja wa shule ulikuwa bado na umande. Mkufunzi alikuwa Afande Sekela, mwanamke mfupi aliyenyoosha nguo zake mpaka ungedhani zinakata. Aliwapanga mistari mitatu, akawatazama viatu, kisha akasimama mbele yao.

"Sikilizeni. Sauti kubwa hata punda anayo. Mie nataka kuona nani anaongoza. Kiongozi akiona kosa akanyamaza, kosa ni lake. Mkosaji muite kwa jina, msahihishe palepale. Hapa hakuna kaka, hakuna shemeji, hakuna jirani. Tumeelewana?"

"Ndiyo, afande!"

Kwa jina. Jovina akapeleka jicho mstari wa kati. Mzee Kornelio alikuwa amesimama wima, kidevu juu, na pembeni ya mdomo wake palikuwa na kitu kama tabasamu.

Salumu alianza. "Sista, tepe naziona zinakuja kwangu," alimnong'oneza akipita. "Jana nimelamba asali na tangawizi."

Na kweli aliongoza vizuri. Kikosi kilitembea, kikageuka, kikasimama. Mzee Kornelio hakukosea hata hatua moja. Mara moja tu mtu wa nyuma alichelewa kusimama, Salumu hakumwona. Afande aliona.

"Askari Jovina!"

Akatoka mbele. Sauti ilitoka yenyewe.

"Kikosi! Kikosi, sawa!"

Visigino vikagonga pamoja. Mguu pande, mguu sawa, vyote vikaenda. Jovina akapata pumzi. Labda mzee ameamua kumwonea huruma.

"Kushoto, geuka!"

Kikosi kizima kikageuka kushoto. Mzee Kornelio akageuka kulia. Akasimama hapo, mkakamavu, pua kwa pua na Abdulrahman mwenye duka la kanga, ambaye alikaza macho asicheke mpaka mshipa ukamtoka shingoni.

Haikuwa bahati mbaya. Mzee yule alikuwa akigeuka kushoto tangu Jovina yuko shule ya msingi. Alijua kabisa kwamba mke wa mwanawe hatafungua mdomo.

Afande Sekela alikunja mikono. Jina lilikuwa palepale kwenye ulimi wa Jovina, halikutoka. Ndipo akafanya jambo ambalo mkamwana peke yake angelifanya: badala ya kumrudisha mtu mmoja, akaona afadhali awageuze wengine wote wamfuate baba.

"Nyuma, geuka!"

Angebaki mzee vile alivyokuwa, yangekwisha. Lakini mzee naye akageuka, tena kwa madaha. Sasa yeye na Abdulrahman wakawa mgongo kwa mgongo, kama wanandoa waliogombana. Nyuma mtu akaguna. Salumu akaziba mdomo kwa mkono.

"Kimya!" Afande akasema. Kisha taratibu: "Askari Jovina, umeona kosa?"

"Ndiyo, afande."

"Ni la nani?"

"La… namba tatu, mstari wa kati, afande."

"Namba tatu ni gari la abiria? Ana jina huyo."

Jovina aliwaza Salumu amepanda, amevaa tepe, anampangia lindo la mvua. Akawaza miaka inavyokwenda, na yeye anaambiwa kila mara nafasi hakuna. Kisha akawaza jioni, mezani, mzee anaosha mikono polepole, ameshinda.

Hilo la mwisho ndilo lililomkera. Jovina alikuwa mtu wa kiburi, na kiburi si kibaya kila mahali.

"Askari Kornelio!"

Hata kunguru juu ya paa la darasa waliruka. Mzee alishtuka kama amemwagiwa maji. Tangu aozwe, mwanamke yule hakuwahi kulitamka jina hilo, na sasa alilitamka mbele ya nusu ya mtaa.

"Umegeuka vibaya. Nyuma, geuka!"

Mzee hakujitikisa. Shingo ilikuwa imevimba, macho mekundu. Jovina akamsogelea mpaka wakakaribiana.

"Askari Kornelio, kikosi kinakungoja wewe. Nyuma, geuka!"

Ukapita muda ambao ungeweza kuchemsha chai. Halafu mzee akageuka, kisigino kikapiga chini mpaka vumbi likaruka. Jovina akarudi mahali pake, akakirudisha kikosi mbele, akakitembeza uwanja mzima na kukisimamisha. Hakuna aliyekosea tena.

Afande aliwaita wote wawili mbele.

"Salumu, una sauti nzuri. Kosa la mtu wa nyuma hukuliona. Jovina, ulizungusha watu wote kumkwepa mtu mmoja, ule ulikuwa upuuzi na nitausema wilayani. Lakini ulirudi ukalishika kosa lenyewe, tena lile gumu. Jina litakalokwenda ni lako. Tepe zitakuja wakisharidhia huko juu. Mpaka hapo, wewe ni kaimu koplo, kikosi hiki kiko mikononi mwako."

Abdulrahman alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Salumu alitema mate pembeni, kisha akaja kumpa mkono. "Haya bwana, kaimu. Lindo la mvua usinipange mie."

Jovina hakupata nafasi ya kufurahi. Mzee Kornelio alikuwa amevua mkanda, ameushika mkononi, anamwendea Afande Sekela.

"Afande, mie nimetosha. Naomba kutoka mgambo. Sitakuwa chini ya mke wa mwanangu."

Afande hata mkanda hakuutazama. "Mzee, wewe umekaa humu muda wote, unajua. Askari haji kwangu moja kwa moja. Ombi linapitia kwa koplo wake." Akaondoka kwenda kunawa uso bombani.

Wakabaki wawili. Mzee alimkabili Jovina, mkanda unaning'inia.

"Nitamwambia Theonest."

"Theonest si mgambo, baba."

"Sasa unataka nikuombe?"

"Ombi nimelisikia." Sauti ya Jovina ilikuwa ndogo, lakini macho hakuyashusha. "Mstari wa kati hauna mtu mwingine anayejua kwata kama wewe. Vijana wanakutazama wewe. Ombi limekataliwa. Vaa mkanda."

Mzee alitazama uwanja, akawatazama watu waliojifanya kufunga kamba za viatu. Kisha akaupitisha mkanda kiunoni, na kwa hasira alikosa tundu mara kadhaa kabla ya kulipata.

"Jumamosi ijayo saa ngapi?" aliuliza, bila kumtazama.

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Saa kumi na mbili," mzee akarudia, akarudi kusimama mahali pake.