Upande wa Chini wa Jani

Kazini wananiita Mzee Gundi, na sikatai. Mwaka wa thelathini na mbili huu nabandika mimea mikavu kwenye karatasi ngumu na kuipanga kabatini kiukoo: viazi vitamu na ndugu zake rafu hii, kunde na ndugu zake rafu ile. Humu kila jani lina jamaa. Nyumbani kwangu nawasha redio ili kuwe na mtu anayeongea. Binti yangu yuko ng'ambo, akipiga simu ni "baba, unakula?" halafu kwaheri.

Kabati la mwisho lilikuwa na jalada la mimea isiyojulikana, na ndani yake karatasi moja tu. Mmea unaotambaa, wa jamii ya viazi vitamu, ua la zambarau lenye koo jeupe. Aliuona mke wangu tulipokuwa wachumba, ukipanda ukuta wa kiwanda kibovu. "Huu sijauona popote," alisema, na hakuwa mtu wa kubahatisha. Ndiye aliyenifundisha kazi. Ukithibitika kuwa spishi mpya, ungepewa jina lake. Amefariki miaka sita sasa na hakuna anayemtaja. Nilitaka jina lake libaki mahali, basi.

Mwezi uliopita akaja daktari wa mimea, binti mwenye lenzi shingoni, anachora ramani ya mahali mimea ya jamii hiyo inapoota. Nikamwekea karatasi yangu mezani hata kabla hajakaa.

"Shikamoo, mzee. Enhe, ua zuri. Ila rangi ikikauka haiaminiki. Upande wa chini wa jani ukoje? Ukiwa na manyoya, ni mpya. Ukiwa laini, ni ule wa kila mahali."

Mungu wangu! Sheria ya kwanza ya kazi yetu: jani moja ligeuzwe, upande wa chini uonekane. Na mimi, kwa kuwa ilikuwa karatasi yangu ya kwanza na nilitaka kumpendeza mchumba, nilibandika majani yote matano yakitazama juu kama watu wanaopigwa picha. Aliona, akacheka, akaniachia. "Haya, fundi," alisema. Majuto ni mjukuu, na mimi hata mjukuu sina.

"Tunaweza kubandua moja," daktari akasema. "Lakini litaharibika."

"Tubandue."

Nililowesha mwenyewe, kwa brashi na maji ya moto. Gundi ya zamani haina huruma. Ilichukua asubuhi nzima, na jani likaachia likiwa vipande viwili. Daktari akainama na lenzi yake.

"Laini kabisa," alisema. "Pole, mzee."

Nikaomba lenzi nami nitazame. Hakuna hata unyoya mmoja. Sitaficha, machozi yalinitoka, na nilimkasirikia huyo binti wa watu bure.

Kunifariji akanifunulia ramani, vitone vyekundu pwani hadi pwani, mpaka visiwani. "Tazama, umeenea nchi ishirini na tatu. Haukuwa peke yake hata siku moja."

Nikaandika jina la ule wa kila mahali kwenye karatasi yangu, chini ya mwandiko wa mke wangu, nikaupeleka mmea kwenye jalada nene, kwa wenzake.

"Heri yake huo mmea, mwanangu," nikamwambia daktari.