Neno «Watch» na Mguu wa Mzee Mwaipopo

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka hadi leo moyo hunienda mbio kana kwamba bado nimesimama palepale. Sogea karibu nikusimulie, maana jambo lenyewe lilianza na neno moja tu la Kiingereza, neno fupi ambalo hata wewe unalitumia kila siku bila kuliuliza limetoka wapi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka kama ishirini, nimemaliza darasa la saba kwetu Ilula, nikapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha kupasua mbao jirani na Mafinga. Enzi hizo ukiamka unanusa utomvu wa misindano, baridi inakung'ata masikio, na malori ya magogo yananguruma tangu kunapokucha. Kazi yangu ilikuwa kusimama chini ya mteremko, magogo yakishushwa niyatie alama ya chaki. Kazi ndogo, lakini mimi nilijiona meneja!

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, nilijua Kiingereza. Yaani, nilidhani najua. Ya pili, kaka yangu aliyekuwa kwenye ujenzi wa reli upande wa Mbeya alikuwa ameniletea saa ya mkono, ya kwanza katika ukoo wetu wote. Basi hata baridi iwe kali vipi, mimi sweta nimekunja mikono hadi kwenye kiwiko. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu, na mimi nilivuma kweli.

Pale kiwandani alikuwepo Mzee Mwaipopo, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa maneno machache, ambaye kazi yake ilikuwa kuelekeza magogo kwa mti mrefu wenye ncha ya chuma. Mara nyingi aliniambia, «Kijana, gogo halina rafiki. Usiligeuzie mgongo, na usiangalie kitu kingine linaposhuka.» Nami nikaitikia, «Sawa, mzee,» kama mtu anayefukuza nzi.

Mwezi wa tukio hilo alikuwa amekuja mtaalamu wa mashine, Mzungu mmoja mrefu, ambaye Kiswahili chake kilianzia kwenye «jambo» na kuishia kwenye «asante». Wenzangu walimkwepa. Mimi nilimfuatafuata ili nizungumze naye.

Asubuhi hiyo lori lilikuwa limejaa pomoni. Vijana wakaanza kulegeza mnyororo, mara ukafyatuka kabla ya wakati wake, na gogo la juu kabisa likaruka na kuanza kuteremka kuelekea kwangu. Mimi nilikuwa nimeinama naandika chaki, sina habari. Mtaalamu akaliona. Akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

«Watch! Watch!»

Mwanangu, unajua nilifanya nini? Nilifurahi! Nilinyanyuka, nikanyoosha mkono wangu, nikaitazama saa yangu vizuri, kisha nikamjibu kwa Kiingereza cha darasani, kwa sauti ili kila mtu asikie, kwamba ni saa tatu na dakika ishirini.

Sikumaliza kutamka ishirini. Nilipigwa kikumbo, nikaruka na kuangukia rundo la unga wa mbao. Nyuma yangu nikasikia kishindo, halafu mlio ambao sitaki kuueleza. Nilipogeuka, Mzee Mwaipopo aliyenisukuma alikuwa chini palepale nilipokuwa nimesimama, na gogo lilikuwa limempitia mguu wa kulia.

Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile asiyesikia nilikuwa mimi, na aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe.

Wakampakia kwenye lori wakampeleka hospitali ya misheni. Siku tatu sikuthubutu kwenda kumwona. Siku ya nne nikajikaza, nikabeba chane mbili za ndizi, nikaingia wodini. Nilimkuta amelala, mguu umefungwa plasta na kuning'inizwa. Nikapiga goti kando ya kitanda.

«Baba, nimekuua.»

«Wafu hawali ndizi,» akasema. «Nimenyie moja.»

Nikamenya, nikilia. Alikula yote kwanza, bila haraka. Kisha akaniuliza, «Yule Mzungu alisemaje?»

«Alisema watch, baba. Mimi nilijua ni saa. Mwalimu alitufundisha watch ni saa ya mkono.»

Mzee akaanza kucheka. Alicheka hadi mguu ukamuuma, akashika paja, akaendelea kucheka. Nesi akaja kuchungulia.

«Sikiliza,» akasema. «Wakati wa vita kuu nilichukuliwa askari, tukapandishwa meli kwenda kupigana Bama, nchi ya mbali huko Asia iitwayo Burma. Siku ya kwanza baharini koplo akatutangazia kwamba jioni kundi letu litapewa watch. Ee, tulivyoshangilia! Tukanawa mikono, tukapanga mstari, tumenyoosha mikono ya kushoto, tunangoja kuvishwa saa. Koplo akatukuta hivyo. Akatupatia bunduki na kutuonyesha ukingo wa meli wa kulinda!»

Nami nikajikuta nacheka, machozi bado mashavuni.

Ndipo akanieleza aliyoelezwa na koplo huyo. Kwamba neno hilo kwa asili si chombo hata kidogo. Ni neno la zamani sana la Waingereza, na shina lake ni kukesha, kuwa macho. Aliyekesha akilinda mji ndiye aliyekuwa kwenye watch. Kwa kuwa mtu mmoja hawezi kukesha usiku kucha, wakaugawa usiku kwa zamu, na kila zamu nayo ikaitwa watch. Melini kengele iligongwa ili watu wajue zamu imefika wapi. Baadaye vilipokuja vyombo vidogo vya kupimia muda, navyo vikapewa jina hilo. Wengine husema ni kwa sababu ya walinzi na zamu zao. «Kwa hiyo saa yako,» akasema, «ni mtoto wa mwisho kuzaliwa katika nyumba hiyo. Mzaliwa wa kwanza ni kuwa macho, na ndilo Mzungu alilotaka ufanye. Wewe ulimsalimia kitinda mimba, ukampita mkubwa wake mlangoni. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe uliambiwa, na kwa kelele!»

Mwanangu, nilitoka hospitalini ninakimbia! Sijui kama uliwahi kupata furaha ya namna hiyo, ya neno kufunguka ghafla kama ganda la njugu na kukuta punje nne ndani yake. Kumbe wachimani, yaani mlinzi wa duka, anayetazama mpira, anayekesha na mgonjwa, na hata saa ya mkononi, wote ni ndugu! Nilimweleza utingo wa lori, nikamweleza mama muuza uji, nikamweleza hata mchungaji wetu wa Kilutheri, naye akaniambia kwamba kanisani tunapohimizwa tukeshe, Waingereza husema neno hilohilo. Nikaruka juu!

Kesho yake nilikwenda kwa mtaalamu, nikakiri kwamba Kiingereza changu ni kidogo, nikamwomba jambo moja. Pale kiwandani tulikuwa Wahehe, Wabena, Wanyakyusa na yeye. Hatari haingoji mkalimani. Tuchague kelele moja. Wenzangu wakakubali iwe «Gogo!» Mtaalamu akaifanyia mazoezi wiki nzima, akitamka «Gogu! Gogu!» hadi watu wakashika mbavu. Lakini tangu siku hiyo akiisema, kila mtu aliruka.

Mguu wa Mzee Mwaipopo ulipona ukabaki mfupi kidogo. Akahamishiwa kazi ya kunoa misumeno, anakaa kwenye kigoda, na mimi nikamlimia shamba lake misimu yote aliyobaki Mafinga. Alipostaafu nilimsindikiza kwa basi hadi kwao. Tulipopita Chimala akalala begani kwangu kama baba yangu mzazi.

Basi nakusihi, mwanangu: usijivunie neno ambalo umelijua upande mmoja. Neno ni kama nyumba, lina mlango wa mbele, lina uani, na lina vyumba vya ndani; bisha hodi, uliza waliokutangulia. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujibu kabla hujaelewa. Na mtu mzima akikuonya mara mbili, usimwitikie kwa mdomo ilhali moyo uko kwingine, maana gharama ya usikivu wako mdogo huenda akailipa yeye. Zaidi ya yote, uwe macho.

Mungu akupe masikio mepesi na ulimi usio na haraka. Akuzungushie watu watakaokusukuma pembeni siku usipoona, nawe akupe nguvu ya kuwasukuma wengine. Uende salama, urudi salama, na watoto wako wakupite kwa maarifa. Amina.